Seli haigawanyiki bila hodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vichocheo vya ukuaji

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tukifika kwenye mgawanyiko wa seli, wanafunzi wanakariri awamu za mitosisi mpaka wanaziimba, lakini swali linalonikosesha usingizi mimi halimo kwenye mtihani: nani aliyeiambia seli ianze? Maswali mengine huletwa na ndugu na majirani wenye wagonjwa, watu waliorudi kutoka kliniki na karatasi iliyoandikwa "HER2 chanya" bila kujua wameambiwa nini. Nimeyakusanya hapa. Mengine yana majibu marefu, mengine mstari mmoja unatosha.

Vichocheo vya ukuaji ni nini?

Ni protini ndogo ambazo seli moja huzitoa ili seli nyingine izisikie. Hazilishi seli wala hazijengi chochote. Kazi yake ni kupeleka habari tu: mahali fulani panahitajika seli zaidi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na mbiu hii husikika hata ikiwa hafifu sana. Nanogramu chache katika mililita moja zinatosha, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Tahadhari ya maneno. Watu wengi wakisema "vichocheo" wanamaanisha homoni. Homoni kwa kawaida husafiri na damu kutoka tezi hadi kiungo cha mbali. Vichocheo vya ukuaji vingi hufanya kazi jirani kwa jirani, seli hii na ile iliyo pembeni yake. Mpaka kati ya makundi haya haujanyooka, na hapa chini utakutana na kimoja kinachotoka figo kikaenda hadi kwenye uboho.

Kwa nini seli isubiri kuambiwa? Mbona bakteria hawasubiri?

Bakteria ni mtu na maisha yake. Akipata chakula na joto anagawanyika, na wale wa utumboni wanaoitwa E. coli wakiwa na kila kitu wanaweza kujigawa kila dakika 20. Seli ya mwili wako haiishi hivyo. Inaishi na wenzake trilioni 30 na zaidi, na kila kundi lina mwendo wake. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Chembechembe nyekundu za damu huzaliwa kama milioni mbili kila sekunde. Seli nyingi za ubongo hazigawanyiki tena maisha yote. Zote hizo zinaogelea katika sukari ileile na oksijeni ileile, kwa hiyo chakula peke yake hakiwezi kuwa ndicho kinachoamua.

Jambo hili huonekana wazi maabara. Chukua seli za ngozi, ziweke kwenye sahani yenye sukari, chumvi, vitamini na asidi amino zote zinazohitajika. Zitaishi, lakini zitakaa kimya bila kugawanyika. Ongeza seramu kidogo, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na kesho yake utazikuta zinagawanyika. Seramu imeleta habari ambayo chakula hakikuwa nayo.

Nani aliligundua jambo hili?

Hadithi hii naipenda, nisamehewe urefu wake.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Mussolini zikawafungia Wayahudi milango ya vyuo vikuu. Yeye akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alikuwa na darubini, sindano za kushonea alizozinoa, na mayai ya kuku yenye viinitete, akawa anachunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyoota ndani ya kifaranga kabla hajaanguliwa, huku vita vinapiganwa nje.

Vita vilipokwisha alialikwa St. Louis, Marekani, akafika mwaka 1947. Huko aligundua kwamba uvimbe fulani wa panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, mishipa ya fahamu huota kwa wingi kuuelekea, hata pale ambapo uvimbe wenyewe haugusani na mishipa hiyo. Basi kulikuwa na kitu kinachosafiri. Mwaka 1953 akajiunga naye mwanakemia Stanley Cohen ili kukisaka kitu hicho. Cohen alitumia sumu ya nyoka kama kifaa tu, kwa sababu ina kimeng'enya kinachokata DNA na RNA, akakuta sumu yenyewe imejaa kile alichokuwa anakitafuta. Akajiuliza: kwa mamalia, tezi inayofanana na ya sumu ya nyoka ni ipi? Ni tezi ya mate. Akachukua tezi za mate za panya dume, na kweli kilikuwamo humo. Ndicho kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya fahamu, NGF.

Kisha likatokea jambo ambalo mtu mwingine angelipuuza. Panya wachanga waliochomwa majimaji yale ya tezi walifungua macho wakiwa na siku saba hivi, badala ya siku kumi na tatu au kumi na nne. NGF haikuwa na uwezo huo. Cohen akatambua kwamba ndani ya majimaji yaleyale kuna protini ya pili inayoharakisha ngozi ya kope kukua na kukomaa. Akaitenga, na mwaka 1962 akaitangaza. Leo tunaiita EGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa ngozi ya juu. Ni mnyororo wa asidi amino 53 tu. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, na Rita aliishi hadi umri wa miaka 103.

Nikijikata kidole, vichocheo hivi vinafanya nini?

Damu inapotoka, chembe sahani hukimbilia penye mpasuko, hushikamana na kupasua vifuko vyake. Ndani ya vifuko hivyo mna kichocheo kiitwacho PDGF na kingine kiitwacho TGF-beta, vimehifadhiwa tayari vikisubiri siku hiyo. Kwa maneno mengine, chembe ileile inayoziba kidonda ndiyo inayopiga mbiu ya kukijenga upya. Seli za chini ya ngozi, ambazo huenda zilikaa miezi bila kugawanyika, huamka, husogea kuelekea kidondani na kuanza kuongezeka. Seli za juu ya ngozi nazo hutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Ndiyo maana kidonda hujifunga kutoka pembeni.

Siri hii ilifunuka kwa kulinganisha vitu viwili vinavyofanana mno: seramu, ambayo imetoka kwenye damu iliyoganda, na plazima, ambayo ni majimaji ya damu isiyoganda. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake huko Seattle walionyesha kwamba seli za misuli laini ya mishipa ya damu hugawanyika zikipewa seramu, lakini plazima isiyo na chembe sahani huziacha zimelala. Tofauti ilikuwa ni kile kilichomwagwa na chembe sahani wakati damu inaganda.

Basi kulamba kidonda kunasaidia, kama mate yana EGF?

Mate yana EGF kweli, na ni sababu mojawapo ya vidonda vya mdomoni kupona upesi. Lakini mdomo umejaa bakteria. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni.

Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Habari inafikaje kwenye kiini?

Hapa ndipo penye utamu wa somo zima, na ndipo vitabu vingi vya shule vinapopita mbio.

Nyumbani kwetu mtu haingii bila kupiga hodi, na aliye ndani ndiye anayeitikia. Seli nayo ina mlango wa namna hiyo: kipokezi, protini ndefu iliyopenya utando wa seli, kichwa chake kiko nje na mkia uko ndani. Kichocheo hugusa kichwa tu. Kikishagusa, vipokezi viwili vilivyokuwa vinaelea mbalimbali hukutana na kusimama pamoja. Mikia yao ni vimeng'enya vyenye kazi moja, kubandika fosfati kwenye asidi amino iitwayo tairosini, na kila mkia huubandikia mkia wa mwenzake. Wanafunzi wangu huwa nawaambia wafikirie wanawake wawili wanaosukana nywele: kujisuka kisogo mwenyewe ni tabu, lakini kila mmoja anakifikia cha mwenzake.

Fosfati hizo ndizo jibu la hodi. Protini zilizokuwa zinazurura ndani ya seli huzitambua na kuja kuzishika. Ya kwanza ni GRB2, nayo huja imemshika mkono SOS. SOS humfikia RAS, protini ndogo iliyojishikiza upande wa ndani wa utando, na kumwamsha. RAS akiwa amelala ameshika molekuli ya GDP, akiwa macho ameshika GTP, na tofauti kati ya kulala na kuamka ni fosfati moja. RAS aliyeamka humwita RAF, RAF humbandikia fosfati MEK, MEK humbandikia ERK, na ERK huingia ndani ya kiini cha seli. Kutoka mguso wa nje hadi ERK kufika kiinini ni suala la dakika chache.

Kwa nini msururu mrefu hivyo, badala ya mjumbe mmoja? Sababu moja ni kwamba habari huongezeka nguvu njiani, maana kimeng'enya kimoja kilichoamka huamsha wengi wa ngazi inayofuata. Sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba kila ngazi ni mahali ambapo seli inaweza kusita, kupunguza au kukatisha.

Ipo pia njia ya pili inayoanzia kwenye mikia ileile na kupitia PI3K, AKT na mTOR. Hiyo huiambia seli itengeneze protini, inenepe na isife. Bila hiyo, seli ingegawanyika na kutoa watoto wadogo, nao wakatoa wadogo zaidi.

Seli ikishasikia hodi, hugawanyika papo hapo?

Hapana. Seli nyingi za binadamu zikiwa maabara huchukua saa 24 hivi kumaliza mzunguko mmoja, na tendo la kugawanyika lenyewe, lile mnaloliona kwenye darubini, ni saa moja tu mwishoni. Awamu ya kwanza, G1, ndiyo ya kusikiliza. Inafuata S, ambapo DNA hunakiliwa, kisha G2 ya ukaguzi, kisha M, kugawanyika kwenyewe.

Ndani ya G1 seli inataka ithibitishiwe kwamba wito ni wa kweli. Jeni za mwanzo kama FOS huwaka ndani ya nusu saa, MYC hufuata, na baada ya saa kadhaa hutengenezwa protini iitwayo saiklini D. Saiklini D ina tabia moja ya maana sana: huoza upesi, nusu yake hupotea kwa muda usiofika nusu saa. Kwa hiyo kichocheo kikipita mara moja na kuondoka, saiklini D inayeyuka na seli inarudi kulala. Lazima hodi iendelee kupigwa kwa saa nyingi.

Saiklini D ikiongezeka vya kutosha, hushikana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, na kwa pamoja humwendea bawabu. Bawabu huyo anaitwa RB. Muda wote amemshikilia E2F, protini inayowasha jeni za kunakili DNA. CDK humbandikia RB fosfati nyingi mpaka anamwachia E2F, na mlango unafunguka. Kuanzia hapo hata ukiondoa vichocheo vyote, seli itaendelea mpaka mwisho. Arthur Pardee aliieleza sehemu hiyo ya kutorudi nyuma mwaka 1974.

Saiklini zenyewe zilipatikana pwani. Tim Hunt alikuwa Woods Hole, Massachusetts, mwaka 1982, akichunguza mayai ya wale viumbe wa baharini wenye miiba kama sindano wanaowachoma wavuvi miguuni. Aliona protini moja inaongezeka polepole, kisha inatoweka ghafla kila yai linapogawanyika, kisha inaongezeka tena. Alipata Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Na ishara huzimwaje?

Kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Kipokezi kilichotumika humezwa ndani ya seli na kingi huvunjwavunjwa. Vimeng'enya vingine hupita vikibandua fosfati. RAS hukata GTP yake na kulala, akisaidiwa na protini ziitwazo GAP, kwa sababu peke yake anakata polepole mno. Na ERK hurudi kuwazima waliomwasha.

Je, kichocheo kilekile huiambia kila seli jambo lilelile?

Hapana, na hapa watu wengi hukosea. TGF-beta huchochea seli zinazotengeneza kovu lakini huzizuia seli nyingi za utando zisigawanyike. Maana ya hodi inategemea nani yuko ndani.

Mfano unaonigusa zaidi ni akondroplasia, hali inayowafanya baadhi ya watu wawe na kimo kifupi, mikono na miguu mifupi. Inatokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya kipokezi kiitwacho FGFR3. Kipokezi hicho hakijalala. Kinafanya kazi kupita kiasi. Lakini kwenye gegedu la mifupa inayokua, kazi yake ni kupunguza mwendo, kwa hiyo kikizidi, mfupa unarefuka kidogo tu. Wengi wa watoto hawa, zaidi ya wanane kati ya kumi, huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida, kwa sababu badiliko limetokea upya. Mama hakukosea kitu wakati wa mimba, na hakuna laana yoyote. Maneno ya mitaani kuhusu watoto hawa yanaumiza, na sayansi imeshayajibu tangu 1994.

Mwalimu, nilitoboa sikio, sasa nyuma yake kuna kinyama kinaota. Ni saratani?

Swali hili aliniuliza msichana wa darasani kwangu, akiwa amefunika sikio kwa mtandio. Ilikuwa keloidi: ngumu, inang'aa, imepita mipaka ya tundu la hereni mpaka inafanana na punje ya korosho. Si saratani na haisambai mwilini. Ni kidonda ambacho mbiu yake haikunyamaza. TGF-beta na wenzake huendelea kuziamrisha seli zitengeneze kolajeni hata baada ya tundu kupona. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na huandamana na ukoo.

Usikimbilie kuikata tu. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, na inaweza kurudi kubwa zaidi, kwa sababu kisu ni kidonda kipya na kidonda kipya ni wito mpya. Madaktari wa ngozi huanza na sindano za dawa jamii ya steroidi ndani ya uvimbe wenyewe, au huchanganya njia mbili. Kama kwenu wapo wenye keloidi, fikiria mara mbili kabla ya kutoboa.

EPO ya wakimbiaji nayo ni kichocheo cha ukuaji?

Ndiyo. Erithropoietini hutengenezwa na figo oksijeni inapopungua, husafiri hadi kwenye uboho na kuziambia seli changa za damu nyekundu zisife, ziongezeke. Kipokezi chake hakina kimeng'enya mkiani. Hukodi kimeng'enya cha jirani kiitwacho JAK2. Namna figo na seli nyingine zinavyohisi upungufu wa oksijeni iliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Anayefanya mazoezi Iten, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, mwili wake huongeza EPO wenyewe, kwa kiasi na kwa breki. Sindano haina breki. Wakimbiaji kadhaa wa Kenya wamefungiwa kwa sababu hiyo, na hatari haikomei kwenye medali: damu nzito huganda, na ikiganda moyoni au ubongoni mtu hufa. Dawa hiyohiyo kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu ni uhai, maana figo zake zimeacha kupiga mbiu na damu yake inapungua wiki hadi wiki.

Saratani inahusianaje na haya yote?

Saratani ni seli iliyoacha kungoja hodi. Chukua msururu niliousimulia juu, ngazi kwa ngazi, na karibu kila ngazi utapata saratani inayoanzia hapo.

Mlangoni: jeni ya HER2, ambayo ni ndugu wa kipokezi cha EGF, hujinakili mara nyingi katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti. Seli hujaa vipokezi, zaidi ya milioni moja, vinasongamana mpaka vinakutana vyenyewe bila kuitwa. Hiyo ndiyo maana ya "HER2 chanya".

Kwa RAS: herufi moja tu ya jeni yake ikibadilika, RAS anashindwa kukata GTP na hawezi kulala tena. Badiliko hilo lilitambuliwa mwaka 1982 katika seli za saratani ya kibofu. Leo tunajua RAS ameharibika katika saratani moja kati ya tano hivi, na kwa kongosho ni karibu tisa kati ya kumi.

Kwa bawabu: mtoto akipoteza nakala zote mbili za RB katika seli ya retina, hupata saratani ya jicho. Dalili yake mzazi anaweza kuiona kwenye simu. Ukimpiga mtoto picha yenye flashi na mboni moja ikang'aa nyeupe badala ya nyekundu, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Ikiwahiwa mara nyingi hupona.

Mara nyingi hitilafu moja haitoshi. Seli ina walinzi wengine, hasa p53, anayesimamisha mzunguko DNA ikiharibika. Ndiyo maana saratani nyingi huchukua miaka, na huwapata zaidi wenye umri mkubwa.

Virusi vinaingiaje hapa?

Virusi kadhaa vinahitaji mashine ya seli ya kunakili DNA, na mashine hiyo huwashwa seli inapogawanyika tu. Kwa hiyo baadhi yake vimejifunza kughushi ruhusa. HPV, kirusi cha saratani ya shingo ya kizazi, kina protini E7 inayomkamata RB na kumharibu, na E6 inayompoteza p53: bawabu na mlinzi kwa pigo moja. Chanjo yake ilianza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Mzazi mwenye binti, usiache siku ya chanjo ipite. Kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi, iliyowaua wengi miaka ya mwanzo ya UKIMWI, kimebeba jeni ya saiklini yake chenyewe, nakala ya kughushi ya saiklini D.

Lakini kisa kilichoanzia kwetu ni cha Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote mbili, juu na chini, na muda mfupi baadaye akamwona mwingine mahali pengine. Mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo. Mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakasafiri wiki kumi kupitia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameona watoto wa namna hiyo. Ramani yake ilifuata joto na mvua, karibu sawasawa na ramani ya malaria kali. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na humo, mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ndani ya seli hizo kosa ni hili: kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC kimehamia kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili, ambayo kwa seli za damu za aina hii huwa inawaka wakati wote. Nimesema juu kwamba MYC huwashwa na kichocheo na kuzimika. Hapa haizimiki. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na ndiyo maana taya ya mtoto huvimba wiki kwa wiki. Kasi hiyohiyo huufanya uwe dhaifu mbele ya dawa: watoto wakitibiwa mapema wengi hupona.

Je, kuna dawa zinazozuia hodi hizi?

Zipo. Trastuzumab ni kingamwili inayoshika HER2 kwa nje. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Palbosiklibu, ya mwaka 2015, huzuia CDK4 na CDK6, yaani humwachia bawabu afanye kazi yake. RAS alionekana hashikiki kwa karibu miaka 40, mpaka sotorasibu ilipoidhinishwa mwaka 2021 kwa aina moja ya badiliko lake.

Dawa hizi hufaa pale tu ambapo hitilafu ya mgonjwa ndiyo ile inayolengwa. Kwa hiyo daktari akisema kinyama kilichokatwa kipimwe HER2 au vipokezi vya homoni, msione kama ni gharama ya kupoteza muda. Bila kipimo hicho anatibu gizani. Bei ya dawa hizi bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi za kwetu, na kuziona kwenye orodha muhimu huku mgonjwa hazifikii ni jambo linaloniuma.

Vipi kuhusu vidonge na unga wa "kuamsha seli" vinavyouzwa mitandaoni?

Vichocheo vya ukuaji ni protini. Ukivimeza, tumbo la mtu mzima huvimeng'enya kama linavyomeng'enya yai au maharage. Na tuseme kimoja kingefaulu kuingia kwenye damu na kuziamsha seli zote: baada ya kusoma yaliyotangulia, ungekitaka? Mgonjwa wa saratani asitumie chochote cha namna hii bila kumwonyesha daktari wake. Maziwa ya mama ni habari tofauti. Yana EGF, na utumbo wa mtoto mchanga huitumia kujijenga.

Mama yuko kwenye kemo. Kwa nini nywele zimetoka, na sindano anayochomwa siku inayofuata ni ya nini?

Dawa nyingi za kemo haziitambui saratani. Hushambulia seli yoyote inayogawanyika haraka, na mashina ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, na uboho vimo kwenye kundi hilo. Nywele huota tena tiba ikiisha.

Uboho ndio wa kuangalia sana. Chembechembe nyeupe za kinga hushuka, kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi. Sindano hiyo mara nyingi ni filgrastimu, kichocheo cha ukuaji kinachoziambia seli za uboho zitengeneze chembe hizo haraka. Mifupa ikimuuma, hasa nyonga na mgongo, ni uboho unafanya kazi. Mwambieni daktari ampe dawa ya maumivu inayomfaa. Muwe na kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, msimpe dawa ya kushusha homa mkasubiri asubuhi. Nendeni hospitali usiku huohuo, na mlangoni semeni kwanza kwamba yuko kwenye kemo.